Nilivyokwenda Pipeline Kutazama Nguo Nyekundu

Nilikwenda Nairobi kwa ajili ya filamu. Semeni mtakavyo. Mama mkwe alinikuta nafunga begi akashika kiuno. "Mwanamke mzima na akili zake anapanda treni kwenda kuangalia picha?" Nikamwambia, mama, wewe ulikwenda hadi Mombasa kumwona mhubiri wako, na mimi nakwenda kumwona wangu. Alinuna, lakini alinifungia ndizi za Taveta niwapelekee wenyeji.

Ninyi mnaosukwa kwangu mnamjua Kavata, ila wapo watakaosoma haya na hawamjui. Ni mwongozaji wa filamu za mapigano, mzaliwa wa Eastlands, na sisi mashabiki tunamwita Mama Rangi. Kila filamu yake ina rangi moja inayotawala. Ya kwanza ilikuwa nyeupe: wanawake wawili wakipigana ngazini kwa unga wa chapati, hakuna damu, hakuna tusi, unga tu ukipeperuka polepole hewani. Siku tulipoitazama pale saluni nilimsahau mteja chini ya draya mpaka akapiga kelele. Ya pili ilikuwa ya buluu. Ya tatu, inayoitwa "Anua", ni nyekundu, na tumeingoja tangu kitindamimba wangu hajaanza shule. Kionjo chake kilikuwa kifupi, mikono inakamua shuka, tone moja jekundu linaanguka, basi. Tulikirudia hadi simu ikawa moto.

Katika kundi letu la mashabiki kwenye simu, kila mtu ni bingwa wa kubishana. Lakini alikuwamo Nekesa, mama wa mtaa wa Pipeline huko Nairobi, ambaye hakubishana hata siku moja. Yeye aliuliza tu, "Inatoka lini?" Wiki hii, wiki ijayo, swali lile lile. Nikasema, lo, huyu ndiye shabiki wa kweli! Basi ilipotangazwa kwamba "Anua" itaonyeshwa kwanza Tassia, jirani na majumba ilikopigwa, na mashabiki wachache wa mbali wamealikwa, Nekesa aliniandikia: "Dada Mkawasi, njoo. Utalala kwangu."

Ijumaa asubuhi niliondoka Voi. Treni ilipokata Tsavo, ndovu walikuwa wamesimama karibu na reli, wekundu kwa vumbi letu lile la kila siku. Watalii walikimbilia madirishani kupiga picha. Mimi nimezaliwa nikiwaona, lakini siku hiyo niliwatazama upya, nikajiambia kwamba Mungu naye ana rangi anayoipenda.

Syokimau nilichukua bodaboda. Kijana alinitazama mimi, akazitazama na zile ndizi. "Niaje, mathe! Unahamia Pipe?" Nikamwambia mimi si mama yake, aendeshe pikipiki. Akacheka, akaniendesha kwa adabu kama amebeba mayai.

Pipeline, jamani! Nimeiona katika filamu za Kavata nikadhani ni ujanja wa kamera. Si ujanja. Majumba yamesimama uso kwa uso, ghorofa juu ya ghorofa, jirani wa ng'ambo anaweza kukupokeza chumvi bila kutoka kwake. Jua linafika chini kwa kuiba. Na nguo! Kila roshani ina kamba, kila kamba imejaa, mashuka, sare za shule, makoti ya kiwandani, yamening'inia juu ya vichwa vya watu hadi huwezi kuiona mbingu. Nilisimama katikati ya njia nimeachama, wabeba mitungi ya maji wakinipigia miluzi nipishe.

Nekesa alinipokea mlangoni, ghorofa ya sita. Ni mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenyeji wa Bungoma, anauza mboga pale chini. Nyuma ya sketi yake alichungulia binti yake Faith, ambaye bado hajatimiza umri wa kwenda shule. Chumba ni kimoja, kisafi, pazia limekigawa. Kabla chai haijapoa nikaanza maneno yangu ya ushabiki: unaonaje lile tone la kwenye kionjo, ni maji ya rangi au ni damu?

"Dada, mimi filamu wala sizijui," akasema. "Mimi namsubiri mume wangu."

Nikadhani yuko zamu. Akamtuma mtoto nje ampelekee jirani ndizi moja, kisha akaketi.

"Wafula alifariki. Aliugua kifua, tukamrudisha nyumbani, tukamzika huko. Faith hakuwa hata ametambaa. Picha ninayo, ya kitambulisho. Lakini ya kutembea, ya kuongea, sina hata moja. Simu yetu ilikuwa mulika mwizi, ile ya vitufe na tochi."

Halafu akanisimulia siku ya kupigwa filamu. Kavata aliomba majumba mawili yanayotazamana yaanike nguo nyekundu tupu, kuanzia chini mpaka paa. Watu wakaazima kwa ndugu, jezi, leso, mapazia, hata majoho ya kwaya. Alitaka mvua ya kweli, watu waanue nguo kwa haraka ya kweli, kwa hiyo picha ile ingepigwa mara moja tu. Na sharti lilikuwa moja: mtu yeyote asitazame kamera. Wingu likaja, tone la kwanza likaanguka, watu wakapiga kelele "Anua! Anua!" Kamera ikapandishwa kwa kamba, ghorofa kwa ghorofa, mpiga picha amening'inia nayo. Ilipofika ya sita ikamkuta Wafula, siku yake ya mapumziko, anaanua.

"Akamsalimia," Nekesa akasema.

"Alimsalimia nani?"

"Mpiga picha! Aliinua mkono akasema mulembe, salamu yetu ya Kiluhya. Mimi niko ndani namsikia! Nilimgombeza juma zima, majirani wa ploti nzima walimgombeza, kwamba ametuharibia. Unajua aliniambia nini? 'Mama Faith, mtu ananitazama usoni hapo karibu, ninyamaze kama mwizi?'"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Kijana mmoja aliyebeba taa siku ile alikuwa amepita akisema kwamba kipande hicho Kavata amekikata. "Kwa hiyo mtoto sijamwambia kitu," Nekesa akasema. "Nikimwambia atamwona baba yake, halafu asionekane, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Mimi nilikoroga chai yangu iliyokwisha kukorogwa. Filamu za Kavata nazijua kama kiganja changu. Katika zote hizo hakuna mtu anayekutazama wewe mtazamaji, hata mtoto, hata paka. Hicho ndicho tunachomsifia. Nilijua Wafula amekatwa.

Jumamosi tulipanda paani kuanika. Ndege zinazokwenda kutua zilipita juu yetu na matumbo yao meupe, karibu mno hadi nikainama, Faith akanicheka. Mashabiki wa Njiru walikuwa wamekuja kuona mahali palipopigwa filamu, wote wamevaa mashati mekundu, wanapimana mikono kama wacheza ngoma. "Fight ya shuka itakuwa noma, mathe!" mmoja akaniambia. Siku nyingine ningebishana naye mpaka jua lizame. Siku hiyo nilimtazama Nekesa akibana nguo, nikajikuta naomba Mungu kimoyomoyo. Niliombea filamu! Mama mkwe asisikie.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda Tassia. Ukumbi ulikuwa umezibwa madirisha kwa mablanketi, na watu wameingia na Biblia zao kwapani, watoto mapajani, nguo nyekundu kila mahali. Kavata alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mashine, mfupi, kavaa raba, anakula njugu. Nilikuwa nimeyatunga maneno ya kumwambia tangu Voi. Nilipita mbele yake ulimi umekauka, nikainamisha kichwa kama niko madhabahuni.

Taa zikazimwa. Ninyi wenzangu, nitaelezaje? Shujaa ni mama fua, yule mwanamke wa kufulia watu nguo kwa kibarua. Hasemi. Hakuna anayesema. Wanaume wanamfuata ngazini, naye ana beseni na shuka lililolowa tu. Alilikamua, akalizungusha, na matone yakatoka yakasimama hewani, kila tone limebeba wekundu wa nguo zilizoanikwa nyuma yake. Lile shuka lilipiga ukuta nikasikia moyoni. Ukumbi mzima haukukohoa. Nilishika mkono wa Nekesa, sijui ni nani aliyemshika mwenzake kwanza.

Kisha wingu. Kisha majumba yale mawili, mekundu kuanzia chini hadi juu, Mungu wangu, kama moto usiounguza. Sauti yote ikakatika. Kamera ikaanza kupanda polepole. Ghorofa ya kwanza, mikono inaanua. Ya pili. Ya tatu, watu wakaanza kunong'ona, "Pale kwetu!" Nekesa alikuwa amefumba macho. Nikamtikisa: "Fumbua! Mama Faith, fumbua!"

Kwa maana alikuwapo. Mwanamume mrefu, kifua wazi, vibanio vimejaa mdomoni. Akageuka. Alitutazama usoni, sisi wote, akavitoa vibanio mdomoni bila haraka kwa adabu ya watu wa kwao, akatabasamu, akainua mkono. Na hapo tu, mahali hapo tu, sauti ikarudi.

"Mulembe!"

Neno la kwanza la filamu nzima. Ukumbi ukaitika kwa kishindo, "Mulembe!" Wakikuyu, Wakamba, sisi Wataita, kila mtu.

Nekesa alisimama wima. "Wafula!" akamkaripia kwa sauti ya mke jikoni. "Si uliambiwa usitazame kamera!" Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, halafu akaketi analia huku bado anacheka. Faith akauliza, "Mama, unamgombeza nani?" Akambeba, akamgeuza uso kwenye pazia la sinema. "Namgombeza baba yako. Yule. Yule ndiye baba."

Lakini Wafula alikuwa ameshapita. Kamera ilikuwa ghorofa ya nane.

"Rudisha!" mtu akapaza sauti nyuma. Mimi ninayewafukuza watu saluni kwa kunong'ona filamu ikiendelea, nilisimama juu ya kiti. "Rudisha! Rudisha, mtoto hajaona!" Ukumbi mzima ukaishika. Kavata mwenyewe akaweka njugu chini, akairudisha. Na tena. Na tena, mpaka Faith alipoacha kujificha na kuuinua mkono wake mdogo.

Tulipotoka nilipata ulimi wangu. Nikamuuliza Kavata mbona alikiacha kipande hicho. Alikuna kichwa. "Nilikikata," akasema. "Nikatazama. Zikabaki nguo hazina wenyewe. Nikamrudisha." Akamwomba Nekesa simu, ambayo sasa ni ya kisasa, akamtilia kipande chote.

Jumatatu asubuhi niliamshwa na sauti kwenye ujia. Faith alikuwa anapita mlango kwa mlango na ile simu, anagonga, anaiinua: "Baba anakusalimia." Na majirani, hao hao waliomgombeza, wenye miswaki mdomoni, wenye masufuria mkononi, walisimama wakaitika. Alipofika kwangu nami nikaitika. Nekesa alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa povu.

Jioni nilishuka Voi. Mliokuwapo saluni mnakumbuka mlivyonivamia kabla sijatua begi: mapigano je? Na tone je, ni damu? Mimi nimejifunza huko kwamba msafiri ana kazi yake ya kwanza, na hayo mengine yanaweza kungoja.

"Kaeni," nikawaambia. "Kwanza mnasalimiwa."

"Na nani?"

"Na Wafula, baba yake Faith, wa Pipeline."

Hamkumjua, hamkuuliza. Mliitika nyote kwa pamoja, "Tumezipokea."