Siku Niliyokwama kwa Miguu Minne

Watu wa Muleba wakitaka kunikera huniuliza kama mgongo umeamka, nami huwajibu umeamka, asanteni, na mdomo nao haujalala. Kwa hiyo kaeni niwasimulie mwenyewe, maana aibu ya mtu ikisimuliwa na wengine huota mkia (na hii yangu, kwa bahati mbaya, ilianza na mkia hasa).

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, kila mtu mzima anatakiwa ajue kusoma, na mimi, mwalimu kijana wa shule ya msingi, nikapewa darasa la watu wazima, alasiri, wakishatoka shambani. Walikuja na majembe yao, wakayaegemeza ukutani, wakajibana kwenye madawati ya watoto magoti yakikaribia videvu. Mkubwa wao alikuwa Ta Kaijage, katekista wa kigango chetu, mtu mrefu mwenye sauti ya kushinda kengele, na mbele kabisa alikaa Ma Koku, mjane aliyekuwa ameshajua kuandika jina lake na sasa alitaka kujua kila kitu kilichobaki duniani.

Siku hiyo tulipomaliza herufi nikawaambia kwamba mifupa ya watu wa kale kabisa imechimbwa hapa hapa nchini kwetu, kule Olduvai, na kwamba zamani sana, kabla hatujawa hivi tulivyo, wazee wa wazee wetu walipanda miti na kutembea kwa mikono na miguu, kisha taratibu, kizazi baada ya kizazi, wakasimama.

"Mungu alimuumba Adamu amesimama," akasema Ta Kaijage.

"Kwa hiyo bibi yangu alikuwa nyani?" Ma Koku akauliza, wala si kwa hasira, alitaka tu kujua.

"Hapana, Ma. Nyani si bibi yetu. Sisi na yeye tuna bibi mmoja, wa zamani mno."

"Na mkia wake ulikwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema tutaendelea kesho, nikusanye chaki zangu niende nyumbani, kwa sababu jioni ile Deo, mchumba wangu, karani wa kahawa Bukoba mjini, alikuwa anakuja na shangazi yake kuniposa, na mama alikuwa amenisihi niwahi. Lakini mimi nikiulizwa swali siwezi kuliacha lilale na njaa. Nikavua viatu, nikafunga kitenge vizuri juu ya gauni, nikasema, "Tazameni."

Nikaweka viganja chini, nikainua kiuno, nikazunguka mbele ya ubao, na darasa likacheka mpaka madawati yakalia. Wa nyuma wakalalamika hawaoni, basi nikatoka nje hivyo hivyo mpaka uwanjani, nao wote nyuma yangu, na hata waliokuwa wanapita barabarani na mikungu ya ndizi wakaitua chini wakaja. Kuona umati ule nikapata kiburi (mwalimu na umati!), nikapaza sauti, "Na sasa, ndugu zangu, binadamu anasimama!"

Kitu kiunoni kikasema ko. Sikusimama.

Nikajaribu tena, maumivu yakanipanda mpaka kwenye meno, nikabaki pale pale, viganja kwenye vumbi.

"Nimekwama," nikasema.

"Walikwama," Ta Kaijage akawafafanulia wa nyuma.

"Walikwama muda mrefu?" akauliza mmoja.

"Mimi! Mimi ndiye niliyekwama!"

Wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi mazuri kama yale. Ma Koku ndiye aliyeinama, akaona machozi yangu yanadondoka, akasema, "Yesu wangu, huyu haigizi."

Kicheko kikakatika, na mnong'ono ukaanza kwamba Mungu ameufunga mgongo wa mwalimu kwa yale aliyoyasema. Niliwasikia wote, mgongo ulikuwa umekufa, masikio yalikuwa mazima.

Zahanati ya masista ilikuwa juu ya kilima. Wakakata miti miwili, wakafunga blanketi, wakanilaza chali, nikapiga ukelele, wakanilaza kifudifudi, nikapiga mwingine, mwishowe wakanibeba kama nilivyo, kwa magoti na viwiko, makalio yakiitazama mbingu, na kitenge cha Ma Koku juu yangu kama kitambaa cha kufunikia chakula. Hapo kicheko kikawarudia, chini kwa chini. Ta Kaijage akashika mti wa mbele. Alinihubiria njia nzima, na njia nzima hakubadilishana bega na mtu.

Tukiwa katikati ya kilima tukakutana na watu wanatoka kituo cha basi.

"Poleni, waitu. Mnambeba nani?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Mwalimu," mbebaji mmoja akajibu kwa heshima zote. "Alikuwa anatuonyesha alivyokuwa nyani."

Nikachungulia. Shangazi yake Deo, viatu vyeupe, na pembeni Deo mwenyewe, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mikononi.

"Shikamoo, shangazi," nikasema kutoka pale nilipokuwa, maana nimelelewa vizuri.

Hakuitikia. Deo akafungua mdomo, shangazi akamshika mkono, wakageuka, na kibuyu chao.

Kesho yake kule Kemondo walisema nimeota manyoya. Habari ilipofika kisiwani Goziba kwa wavuvi, nilikuwa nimeshapanda mti na nakataa kushuka.

Nilipoweza kukaa kitandani, shangazi yake Deo akaleta ujumbe: nisimame mbele ya wazee, niseme yale yote yalikuwa mzaha, posa itarudi. Baba akanibembeleza, "Ni maneno tu, mwanangu." Nikamwambia, "Tata, mzaha ni kumkuta mchumba wako amebebwa ukaondoka na pombe yako. Somo halikuwa mzaha." Deo akaoa kwingine. Nililia, ndiyo (nikiwa nimelala ubavu), lakini mume anayegeuzwa barabarani hivyo ningemweka wapi?

Nikarudi darasani na mkongojo. Watu walijaa mpaka madirishani, wengine, najua, walikuja kuona kama nitakwama tena.

"Mwalimu, umekuja kutubu?" Ta Kaijage akauliza.

"Nimekuja kumaliza. Tuliishia pale binadamu anaposimama."

"Basi utuambie. Kama sisi na nyani ni ndugu, tofauti yetu ni nini? Mkia?"

"Sijui yote, Ta. Lakini ninyi mlidhani nimelaaniwa, na bado mkanibeba kilima kizima, huku mnanicheka. Nionyesheni nyani wanaoweza yote mawili kwa pamoja."

Ta Kaijage akajishika bega.

"Bega langu bado linauma," akasema, akakaa. "Endelea."

Nikaendelea. Na tangu siku ile nimeapa sitashika tena sakafu mbele ya wanafunzi, wawe watoto au wazee. Kinachoonyeshwa nakichora ubaoni, hata kikitoka kibaya. Ila somo lenyewe sijalifuta hata neno, na mwenye swali aje tu, nitamjibu nikiwa nimekaa kitini.