Dereva Asiyeingia Kwake

Kwanza nilidhani ni minyoo. Nilikuwa muuguzi kijana, nimetoka mafunzoni na kofia yangu nyeupe na majibu ya kila kitu. Dereva wa zahanati yetu alipoanza kukonda nikampa dawa ya minyoo, nikasimama mbele yake mpaka akaimeza. Wiki mbili baadaye suruali yake alikuwa anaifunga kwa kamba ya katani.

Zahanati ilikuwa nje kidogo ya Migori, miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga. Gari la wagonjwa lilikuwa moja. Mtu akizama ziwani Muhuru, watu wakikatana mapanga huko mpakani, mama akishindwa kujifungua, aliyeitwa ni yeye, na wagonjwa mahututi aliwapeleka mpaka Homa Bay kwenye barabara ya vumbi au ya tope. Sisi wauguzi tulikuwa na zamu. Yeye hakuwa na zamu, alikuwa na funguo.

Asubuhi moja tulikuwa na mama mwenye uchungu nyuma ya gari. Katikati ya daraja, dereva akakanyaga breki ghafla, gari likaserereka hadi ukingoni. Mbele yetu hapakuwa na hata kuku. Mkono wake mmoja alikuwa ameunyoosha juu ya kiti kitupu cha kando, kama anayezuia kitu kisianguke.

"Umekunywa?" nikamfokea.

"Sista, mimi sikunywangi. Unajua."

Nilijua. Alikuwa mwimbishaji wa kwaya. Lakini mimi nikiogopa huwa mkali, na siku ile niliogopa sana. Tulipomfikisha yule mama salama niliamua kwenda kumshtaki kwa mkubwa wetu, aachishwe kazi kabla hajatuua. Kabla ya hapo, kwa haki tu, nikapita nyumbani kwake kumuuliza mkewe.

Nilimkuta ameketi mlangoni, ananyonyesha mtoto wa miezi sita.

"Sista, huyu mtu hajashika mtoto tangu ile mtumbwi ya Muhuru ipinduke," aliniambia. "Miezi tatu sasa. Analala kwa gari. Jioni anakuja mpaka hapo kwa ua ya minyaa, anauliza kama mtoto amenyonya, anaweka samaki chini, anarudi."

"Na wewe unamwacha?"

"Nimfanye nini? Anaogopea mtoto."

Nilirudi mbiombio. Dereva alikuwa anaosha gari ambalo tayari lilikuwa safi. Nikamwambia aketi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikafunga mdomo nikasikiliza.

Siku ile ya Muhuru walitolewa watu wanne majini, wote wamekwisha kufa. Watatu walilazwa nyuma. Wa nne alikuwa mtoto mchanga, na nyuma hapakuwa na nafasi, kwa hiyo wakamweka kwenye kiti kando yake. Barabara ilikuwa mbaya. Aliendesha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamzuia yule mtoto asianguke, mpaka chumba cha maiti cha Homa Bay.

"Ni hii mkono," alisema, akaniangalia kama ninayeweza kuukata.

Kwao Waluo, aliyebeba maiti ya namna hiyo haingii penye mtoto mchanga mpaka atakaswe kwa manyasi, majani yanayolowekwa kwenye maji. Akiingia hivyo hivyo, waliamini, mtoto atapatwa na chira, atanyauka mpaka afe. Mama yake mzazi alikuwa tayari kumtakasa. Lakini kanisa lake lilikataza manyasi, na mwimbishaji angetengwa mbele ya kwaya yake mwenyewe. Akabaki kwenye gari.

Mimi ni Mkuria. Hata kwetu mtu aliyeshika maiti haingii tu ndani kama aliyetoka sokoni, ila nilikuwa nimesoma nikajifanya nimesahau. Niliona aibu kwa ile dawa ya minyoo. Kisha aibu ikageuka hasira, na hasira ndiyo hunifaa kazini. Nikasema moyoni kwamba mtu huyu ataingia kwake kabla ya Jumapili, wapende wasipende.

Nilianza na mkubwa wetu. Nilitaka kila anayetoka na gari akirudi kutoka kubeba maiti aoge hapa kwa maji ya moto, ale, azungumze na mmoja wetu, na kesho yake apumzike. Mkubwa akasema zahanati si hoteli. Nikaziweka funguo za gari, nilizochukua kwa dereva, mezani pake nikamwambia basi aendeshe yeye. Alizisukuma pembeni, akaita mtu alete pipa la maji.

Kisha nikaenda kwa pasta. Huyo nilimkuta mgumu zaidi.

"Manyasi ni ya shetani, binti yangu."

"Na kuoga, pasta?"

"Kuoga si dhambi."

"Basi njoo umwombee akioga."

Alifunga Biblia yake. Mwisho akauliza aje saa ngapi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, tuliweka karai nyuma ya zahanati. Mimi nilimimina maji ya moto. Mama yake dereva alikuja na majani kwenye kanga yake. Pasta akafumba macho akaanza kuomba, na akaendelea kuomba kwa muda mrefu kuliko sala yoyote niliyopata kumsikia, mpaka yule mama alipomaliza kazi yake na majani yakafukiwa. Ndipo akasema amina, akafumbua macho, akatazama angani. Yule mama akamshukuru kwa Kiluo, naye akaitikia.

Tulimsindikiza dereva kwake sote watatu. Kwenye ua wa minyaa miguu yake ikasimama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumfokea, lakini mkewe alinitangulia. Alitoka ndani, akavuka kiwanja, akampachika mtoto mkononi, mkono uleule, akarudi nyuma.

Mtoto alimtazama, akapiga yowe. Hakumjua huyu ni nani. Alilia akajipinda, akamnyooshea mama yake mikono, na mama yake hakumpokea. Dereva naye akaanza kulia, machozi yanamtiririkia kidevuni, lakini alimshika vizuri. Akainama chini ya mlango, akaingia naye ndani.