Hansard Imeleta Barabara kwa Group

Wadau, leo nimeletea kijiji chetu barabara na sijui nitairudisha aje.

Baba analima viazi kule Ndabibi. Maisha yangu yote anasema barabara yetu iliwahi kutajwa bungeni kabla nizaliwe. Nikachoka kubishana.

Nikaenda maktaba hapa Nakuru. Mathe mkutubi wa hapo akaniagizia Hansard, ile rekodi ya maneno ya bunge, kutoka Nairobi. Wiki mbili! Leo asubuhi akanipea fotokopi ya ukurasa mmoja.

Na kweli iko. Mbunge wa enzi hizo anauliza, Waziri anajibu: barabara itawekwa changarawe ya murram kabla ya mvua.

Nikaupiga picha, nikamtumia Baba. Kosa langu ni moja tu: tarehe ya juu haikuingia kwa picha.

Baba akaitupa kwa group ya kijiji bila maelezo.

Amina zikamiminika. Jirani yetu Mama Shiru akauliza nani atapikia watu wa greda.

Halafu, jamani, msaidizi wa mbunge wetu wa SASA akaandika: "Asanteni. Mheshimiwa anawajali."

Anajali nini, boss? Hiyo ahadi imenizidi umri!

Niambieni, hapo ungefanya nini? Mimi nilimpigia Baba awaambie ukweli. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wacha kwanza," akasema. "Hiyo maktaba inajibu haraka kuliko ofisi zote. Rudi kesho uwaulize na ile ahadi ya maji."