Jiwe Nililolikalia

Ndugu yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, alisimama mbele ya wanafunzi wote pale mlangoni pa shule, akatuambia tupindue mifuko.

"Kila mutu! Jiwe moja likitoka nyuma, siye wa mbele tunakula risasi."

Mvulana mmoja alikutwa na kisu cha kuchongea kalamu, kikatupwa. Kwangu yaya hakuangalia. Mimi siongei na watu, nani angenifikiria?

Lakini nilikuwa na jiwe. Nililiokota asubuhi Ngezi, karibu na kwetu, kwa woga tu. Tangu watu wauawe kwenye njia ya Mongbwalu, siwezi kutembea mikono mitupu. Kila mmoja wetu alibeba tawi la majani, ishara ya amani. Nikashika tawi na jiwe kwa mkono mmoja.

Tulikuwa tunampelekea meya barua ya kumuomba alinde ile njia. Kabla hatujafika, jeep mbili za polisi zikatufungia barabara. Nikamsikia yaya: "Tukae chini! Kama kwa matanga!" Kwetu, kwenye msiba watu wanakaa chini, na mwenye kukaa hivyo hapigwi. Tukakaa vumbini, sisi wasichana na sketi zetu za bluu.

"Mikono juu!"

Mikono yote ikapanda. Mimi niliinua mmoja tu, ule mtupu.

"Weye, mukono ingine iko wapi?" rafiki yangu akanong'ona. "Unataka watuue?"

Polisi mmoja alikuwa anakuja, akiangalia mikono yetu. Yaya alikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye bunduki. Nikalisukuma jiwe chini ya paja, nikalikalia, nikainua tawi. Lilitetemeka mpaka majani yakamwangukia rafiki yangu kichwani.

"Sasa unanipamba?"

Sikuweza kucheka.

Tulikaa hivyo hadi karani akatoka kwa meya kuchukua barua yetu. Tuliposimama, jiwe likabaki pale nilipokaa. Polisi akaliona. Akaniangalia. Nikajua yaya anakufa sasa.

Akalipiga teke, likaingia kwenye mfereji. "Rudi kwenu, mama."

Nyumbani nilimwambia yaya yote. Hakunigombeza. Alikaa chini ghafla.

"Lilikuwa kubwa namna gani?"

Nikamuonyesha ngumi. Akaishika, akaifungua kidole kimoja kimoja, kuhakikisha haina kitu.