Puni, Mwanamke Anayeupigia Mlima Filimbi

Saa moja asubuhi ukungu haujapanda, na Puni Takiludun amesimama kando ya barabara, filimbi mdomoni, shingo ameirudisha nyuma. Hatazami barabara wala katapila inayonguruma mbele yake. Anatazama juu, kwenye kidonda cha kijivu ambapo kimbunga cha mwezi uliopita kiling'oa nusu ya mteremko, miti na yote, kikaumwaga barabarani.

Ndiyo kazi yake. Katapila inapochota kifusi, mwendeshaji hasikii kitu wala haoni kinachokuja kutoka juu. Puni ndiye macho na masikio yake. Jiwe likijitikisa anapuliza filimbi, na kila mtu anatoka mbio.

Mwendeshaji mwenyewe ni Haisul, mume wake kwa miaka ishirini na miwili sasa.

"Nyumbani ananipigia kelele, kazini ananipigia filimbi," Haisul analalamika huku akitafuna popoo. "Niende wapi mimi?"

"Nenda kwa mama yako," Puni anamjibu bila kushusha macho.

Mwandishi wa habari hizi amekaa miaka mingi katika bonde hili la Wabunun, wenyeji wa asili wa milimani, kusini mashariki mwa Taiwan, na hajazoea bado. Milima hii ni michanga. Inaendelea kuinuka, na kila tetemeko linailegeza upya. Mwamba wake ni wa tabaka nyembamba zinazobanduka kama maganda ya kitunguu, na maji yakishapenya katikati, hakuna wa kuuzuia. Asubuhi jua kali, mchana mawingu yanapanda kutoka bondeni, alasiri mvua. Watu wa huku huulizana kwanza habari za barabara, ndipo wakaulizana habari za watoto.

Puni, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, aliacha kulima kabichi akaingia kwenye kazi hii ya kulipwa kwa siku. Mteremko anaukagua kwa miti. Ukingoni mwa kidonda ipo miti ya alda, ambayo huwahi kuota kuliko mingine yote pale ardhi inapoporomoka, na mizizi yake ndiyo inayoshika udongo. Ikisimama wima, Puni anapumua. Jicho la pili liko kwenye chemchemi iliyo chini ya mteremko, ambako wafanyakazi huteka maji ya chai: maji yakichafuka au yakikatika ghafla, mlima unasogea kwa ndani.

Wiki hii hajapumua sawasawa, na kisa kilianza Jumanne kwa chafya.

Zamani Wabunun wakijiandaa kwenda kuwinda, mmoja akipiga chafya, safari inavunjwa. Siku hizi wengi ni watu wa kanisani, na mchungaji amekwisha kuwasema mno kwa jambo hilo. Lakini anayekwenda kushinda chini ya mlima uliolegea habishani na chafya. Jumanne Haisul, mwenye mafua, alipiga chafya moja kubwa mguu ukiwa tayari kwenye ngazi ya katapila. Wenzake wakatazamana, wakakusanya vyombo vyao, wakarudi nyumbani.

Bwana Yeh, msimamizi anayetoka mjini, alifura. Si mtu mbaya, na siku za baridi huwaletea supu ya moto kwa fedha yake. Ila ameahidi kwamba barabara itapitika Jumamosi, na huko juu kijiji kizima kimekwama na mapeasi yaliyoiva. Aliwanyima ujira wa siku ile. Tangu hapo wanaume wazima wanafika kazini wamebana pua, na Haisul ndiye anayechekwa.

Alhamisi Puni aliona chemchemi imegeuka tope, kisha ikakatika. Akainua macho. Alda mbili zilikuwa zimeinama kidogo kuelekea barabarani. Akapuliza filimbi.

Wote walikimbia isipokuwa Haisul. Alikuwa amechoka kuchekwa, na Bwana Yeh alikuwa amesimama pale pale akimtazama. Akachota kifusi tena, na tena. Puni alipuliza mpaka pumzi ikamwishia, kisha akaingia mwenyewe chini ya mteremko, akapanda juu ya katapila na kumshika mumewe ukosi.

"Kama unataka kufa, kafe nyumbani," anasema alimwambia. "Usinifanyie hapa mbele ya macho yangu."

Walisubiri alasiri yote. Halikuanguka hata kokoto.

"Dada Puni," Bwana Yeh alimwambia kwa upole, "juzi chafya, leo filimbi, na mlima uko pale pale. Ukisimamisha kazi tena bila jiwe kuanguka, nitamweka mtu mwingine."

Jioni mdogo wake, Savi, mwenye shamba la mapeasi huko juu, alipiga simu. Hakumuuliza hata hali. Alisema matunda yanaoza huku dada yake akipigia miti filimbi, na akataka kujua kama yeye ni ndugu au adui.

Leo ni Ijumaa. Chemchemi imerudi, lakini maji yake ni ya rangi ya udongo. Puni anatoa filimbi mdomoni, anaifuta, anairudisha. Anahama kutoka jiwe hadi jiwe. Chakula chake cha mchana, wali na machipukizi ya mianzi, hajakigusa.

"Sijui tena kama ni mlima unaotikisika au ni mimi," anasema. "Nikifumba macho naiona miti inainama. Nikifumbua, naiona inainama. Sasa nimuulize nani?"

Mwandishi naye anatazama juu na haoni kitu, ila miguu yake inataka kuondoka.

Mawingu yanafika kwenye alda. Kabla hayajazifunika, Puni anapuliza.

Safari hii Haisul anaruka kabla filimbi haijamaliza kulia, kofia anaiacha. Wote wanasimama mbali, nyuso juu. Mvua inaanza. Bwana Yeh anangoja kwa muda mrefu, muda wa haki kabisa, kisha anatikisa kichwa na kunyoosha mkono. Puni anaivua filimbi shingoni, anampa.

Haisul anatumbukiza mkono mfukoni, anatoa ufunguo wa katapila na kuuweka juu ya filimbi.

"Basi tafuta na wa kuendesha," anasema. "Mimi sipandi katapila kwa filimbi ya mtu mwingine."

Bwana Yeh anabaki na vitu viwili mkononi, mvua inampiga.

Kesho mume na mke watapanda kwa miguu njia ya zamani ya wawindaji, inayozungukia upande wa pili wa mlima, wamshushie Savi mapeasi kwa mgongo, kiasi watakachoweza. Baada ya hapo Puni anafikiria kurudi kwenye kabichi.

Mwandishi anamuuliza kama hatamani mteremko uanguke usiku huu, barabara ikiwa tupu, ili wote wajue alikuwa sahihi. Puni anamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Naomba usianguke kamwe. Waniite mjinga mpaka nizeeke."

Na bila kazi, atakula nini?

Anamwelekezea kidevu Haisul, ambaye anakamua maji kwenye shati lake huku akipiga mluzi.

"Nitakula na yule."