Karatasi ya Pili

Katibu wa chama chetu cha wafanyakazi hakuwahi kufika nyumbani kwangu Kamuli mpaka msimu wa kampeni. Alasiri ile alipoegesha pikipiki kando ya migomba, nilianza kumshuku kabla hajavua kofia.

Nilijua kilichomleta, au nilidhani najua. Mwalimu mwenzangu, dada tunayefundisha naye, alikuwa amepewa barua ya uhamisho kwenda wilaya ya mbali, na nyumbani anamuuguza mama yake aliyepooza. Rufaa yake ilihitaji sahihi yangu, kwa kuwa mimi ndiye mwakilishi wa wanachama shuleni. Wadhifa huo nilichaguliwa nikiwa chooni.

Nikamletea mgeni rubisi. Kwetu mwenye nyumba huionja pombe kwanza, mgeni aone haina sumu. Nikaonja, nikampa kibuyu. Akanywa, akatoa karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa rufaa. Nikasaini. Ya pili ilikuwa orodha ya walimu wanaomuunga mkono mgombea udiwani wa chama fulani cha siasa.

"Hii inahusiana nini na uhamisho?"

"Haihusiani, mwalimu. Ila zinasafiri pamoja."

Chuo kikuu niliandika kurasa themanini kuhusu uhuru wa vyama vya wafanyakazi. Pale kwenye kigoda hakuna hata ukurasa mmoja ulionikumbuka. Nikaipitia orodha. Jina la katibu mwenyewe halikuwemo.

"Katibu, mbona hii hujaionja?"

Alicheka mpaka rubisi ikampalia. "Mimi ni kiongozi wa wafanyakazi wote. Sina upande."

"Basi nami sina."

"Wewe una mwenzako mwenye mgonjwa," alisema. Akakunja karatasi zote mbili, akazitia mfukoni, akaondoka.

Nilikaa siku kumi nikikwepa kumtazama yule dada. Ofisini nilijifanya nasahihisha madaftari, hata yale niliyokwisha kuyasahihisha. Kisha uhamisho ukafutwa. Jioni hiyo akaja kwangu na mkungu wa ndizi kichwani.

"Ahsante, kaka. Sitakuuliza ulisaini nini."

"Nilisaini rufaa tu!"

"Sawa, kaka."

"Haki ya Mungu."

"Basi kuna aliyekusainia," alisema, akautua mkungu mlangoni.

Kesho yake nilikwenda Isingiro, nyumbani kwa katibu, nikaomba kuiona ile orodha.

"Orodha gani tena, mwalimu? Mwenzako si amebaki?"

Akaleta kibuyu. Akaonja kwanza, bila haraka, huku akinitazama, kisha akanipa kwa mikono miwili. Katika kurasa zangu themanini ningeandika kwamba mwakilishi alikataa na kudai nyaraka. Nilikunywa.

Yule dada bado anafundisha darasa linalopakana na langu. Mama yake sasa anaweza kukaa mwenyewe. Kila asubuhi ananisalimia kwa heshima iliyozidi kidogo, nami naitikia kama mtu aliyesaini.