Sayansi Mbili

Nilipoingia kidato cha nne, shule yetu ya wasichana pale Garissa haikuwa na mwalimu wa sayansi hata mmoja. Wa mwisho alituacha tukiwa kidato cha pili, baada ya majambazi kulipiga risasi basi alilopanda akitoka likizo. Hakurudi hata kuchukua nguo zake. Vipindi vyake vikawa vya kusoma kimya, na maabara ikajazwa magunia ya mahindi ya msaada.

Sikuhuzunika sana. Nilikuwa hodari wa Kiswahili, historia na dini, na nilidhani hayo yangenibeba hadi chuo cha ualimu. Nyumbani kwetu Griftu hakuna aliyejua zaidi. Baba alifuga ngamia, na kwake shule ilikuwa kama mimba ya ngamia: muda ukitimia, kitu kitazaliwa.

Aliyetufumbua macho ni naibu wa mwalimu mkuu, aliyekuwa amehamishiwa kwetu muda si mrefu. Alitueleza kwamba hakuna alama ya jumla bila Kiingereza, Kiswahili, hesabu na sayansi mbili, hata ung'are vipi kwingine. Msichana mmoja akauliza kama dini haiwezi kushika nafasi ya kemia. Naibu akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akasema haiwezi. 

Baba alipoleta mifugo sokoni, alipitia shuleni. Nilimweleza kwa Kisomali, lakini akataka kumsikia naibu mwenyewe.

"Mwalimu, hii mtoto imekaa hapa miaka mingi," alisema. "Makosa yake ni gani?"

"Hana kosa, mzee. Hakufundishwa."

"Na sasa nani atafundisha?"

Naibu akasema ameomba walimu mara nyingi, ila kila anayepangiwa huku hukataa kuja. Baba akaitikia kwa kichwa. Aliniachia kibuyu cha maziwa ya ngamia, akaniambia nisome kwa bidii, akaenda zake. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba bidii haikuwa na pa kushika.

Hata hivyo tulisoma. Tulipokezana kitabu kimoja cha kemia, tukakariri majina ya vyombo kwa kutazama michoro. Siku ya mtihani wa vitendo magunia yalitolewa, sakafu ikafagiliwa. Mezani palikuwa na vioo vyembamba ambavyo sikuwahi kuvishika. Nikamimina maji ya dawa kama maagizo yalivyosema, yakageuka rangi ya waridi. Sikujua kama hiyo rangi ndiyo mwanzo wa kazi au mwisho wake. Niliandika tarakimu iliyonijia kichwani. Msichana wa mbele yangu alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, akilitazama dirisha.

Matokeo yalipotoka, Kiswahili nilikuwa nimewashinda wote shuleni. Sayansi zote mbili nilianguka, zikaivuta jumla chini, na chuo cha ualimu hakikunitaka. Baba aliuliza mara moja tu kama nitakuwa mwalimu. Nikamwambia hapana.

Nilipata kibarua kambini Ifo, kuwafundisha watoto wa wakimbizi kusoma. Niliipenda kazi ile. Baadaye likaja agizo kwamba wabaki walimu waliopitia chuo tu. Msimamizi, Msomali mwenzangu, aliniita chini ya turubai. "Abaayo, dada yangu," akasema, "malizia wiki hii."

Nikaimalizia.